Samaki Asiyefungua Mdomo

Nchi yenyewe ipo, msije mkafikiri haipo. Ina bendera, ina ziwa, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko pumzi za wanaouimba. Tatizo ni jina lake, ambalo hubadilishwa mara kwa mara ili kumfurahisha mtu yule yule. Kwa hiyo hadithi hii italiacha jina na kushika samaki.

Samaki waliingia katika historia ya nchi ile kwa njia ya presha. Mkuu wa nchi, ambaye raia walitakiwa kumwita Mtukufu Mlezi hata ndotoni, alianza kuumwa kichwa na kusikia moyo ukimwenda mbio. Daktari wake, mtu mwenye hofu zake, hakuthubutu kumwambia apunguze nyama. Akamwambia kuwa wengi hupata nafuu kwa kukaa kimya na kutazama samaki wakiogelea. Dawa isiyo chungu hukubalika upesi. Likaletwa tangi la kioo lenye ukubwa wa chumba cha nesi, likawekwa Ikulu, na wavuvi wakatumwa ziwani kuleta furu.

Furu ni samaki mdogo, wa rangi ya matope ya ufukweni. Dume ana mstari wa buluu ubavuni, lakini huuoni mpaka utulie. Walipoingizwa tangini walifanya ambacho furu hufanya mahali pageni: walimpa Mtukufu Mlezi mgongo, wakaenda kukaa nyuma ya jiwe.

Mtukufu Mlezi alilitazama lile jiwe kwa siku kadhaa. Presha ikapanda.

Kisha umeme ukakatika, hata Ikulu, jambo ambalo magazeti yalieleza vizuri kwamba halikutokea. Mashine ya kupulizia hewa ndani ya maji ikanyamaza. Muda si muda furu wakatoka nyuma ya jiwe, wakapanda juu, wakajipanga kwenye kioo wakifungua na kufunga midomo.

"Mnaona?" alisema Mtukufu Mlezi, na macho yakamlowa. "Wananishangilia."

Chumbani mlikuwa na maprofesa, majenerali na yule daktari. Hakuna aliyetaja hewa. Watu wa kutaja vitu vya namna hiyo walikuwa wamekwisha kupangiwa kazi nyingine zamani. Umeme ulirudi na kuikuta Wizara ya Samaki na Nidhamu imeshaundwa, ina waziri, ina muhuri, na ina gari.

*

Mchaguzi Mkuu wa wizara hiyo alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, jina lake Nyamizi. Habari za samaki hakufundishwa darasani. Alijifunza kwenye ndoo za uani kwao tangu mdogo, akimtenga huyu na kumkutanisha na yule, ili aone watoto watatokaje. Kwenye usaili aliulizwa samaki ana faida gani kwa taifa, akasema bado hajajua. Jopo likaandika kuwa ana unyenyekevu, likampa kazi.

Alikuwa na utaratibu wake. Alinunua kikombe cha chai ya rangi pale langoni kwa Kidawa, akakibeba hadi mbele ya tangi, akakiweka kwenye stuli, akaketi na kutazama. Hakumhukumu samaki yeyote kabla chai haijapoa. Alisema mtu akitazama kwa haraka humwona samaki anavyofanya anapotazamwa, siyo alivyo. Jambo hili lilimuudhi sana Kidawa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubeba mbali, aliyejivunia chai yake kuliko watoto wake.

"Mimi nachemsha, wewe unapoza," alimwambia. "Si uagize maji tu, dada Nyamizi, tujue moja?"

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kueleza. Wale waliofungua mdomo mara nyingi walikutanishwa na wenzao wa tabia hiyo hiyo. Waliofungua mara chache walikwenda jikoni kwa Waziri, wakakaangwa. Watoto waliozaliwa walichujwa vile vile, na watoto wa watoto vile vile.

Na lazima isemwe kwamba Nyamizi aliifurahia kazi. Ilikuwa kama kusuka nywele: unaona umbo likitoka chini ya vidole vyako, unasahau kuuliza kichwa ni cha nani. Ulipopatikana mdomo, Wizara ikaomba tumbo, kwa sababu tumbo kubwa ni dalili ya maendeleo. Nyamizi akatoa tumbo. Ikaombwa rangi ya dhahabu, akaitoa. Likaombwa nundu la utosini lenye umbo la kofia ya Mtukufu Mlezi. Hilo lilimchukua vizazi vingi, lakini lilitoka, na ukingo wa kofia ukiwemo. Mwisho ikaombwa heshima. Nyamizi akauliza heshima ya samaki hukaa wapi. Akaambiwa mgongoni. Basi akachagua wenye mgongo uliopinda, mpaka akapata samaki ambaye kichwa chake kilielekea chini muda wote, akiinama, akifungua mdomo na kufunga, akifungua na kufunga. Mtu akiwatazama kwa mbali alidhani anaona mkutano mkuu wa chama.

Wakaitwa Shangilia.

Waziri, Mheshimiwa Shabukali, aliwazindua kwa hotuba iliyoanza asubuhi na kuendelea baada ya wasikilizaji kula. Alisema samaki wa zamani alikuwa samaki wa ubinafsi. Alikuwa akienda atakako. Alikuwa akiogelea dhidi ya mkondo, na hakuna aliyemtuma. Alijificha nyuma ya jiwe, na je, ndugu wananchi, asiye na la kuficha hujificha ya nini? Leo, alisema Mheshimiwa Shabukali, kwa maono ya Mtukufu Mlezi, taifa limepata samaki aliyekomaa kifikra.

Kila ofisi ikaamriwa iwe na tangi. Mahakama zikapata, magereza yakapata, zahanati ambazo hazikuwa na kitanda zikapata. Shuleni walimu waliwasimamisha watoto mbele ya kioo na kuwauliza: samaki hachoki kushangilia, wewe unachoshwa na nini?

*

Baada ya hapo ilionekana si sawa kwamba ndani ya ziwa furu walikuwa bado wanaishi walivyotaka. Ikatungwa Sheria ya Kuondoa Vielelezo Vibaya. Maji yakatiwa sumu, furu wakaelea juu wakiwa wamegeuza matumbo, na ufuko mzima ukanuka kwa majuma. Akina mama waliozoea kuwaanika furu juani waliambiwa wavumilie, harufu ile ni ya mpito. Kisha Mheshimiwa Shabukali akapanda boti pamoja na bendi ya jeshi, akawamwaga Shangilia ziwani pipa kwa pipa.

Wengine walizama vichwa chini, maana ndivyo migongo yao ilivyowaelekeza. Waliobaki hawakwenda popote. Waliizunguka boti wakiishangilia, mpaka ndege wakawaona. Walikuja mnandi, wakaja mwari, wakaja na ndege ambao wazee wa pale hawakuwahi kuwaona. Ilipofika alasiri ndege walikuwa wamekaa juu ya miamba wameshindwa kuruka kwa shibe. Redio ya taifa ilitangaza kwamba hata ndege wameipokea sera kwa furaha.

Kuanzia siku ile furu walibaki mahali pamoja tu duniani: chumba cha nyuma cha Wizara, ndani ya tangi moja la kawaida lenye jiwe. Nyamizi ndiye aliyewaweka, na hakuwaweka kwa siri wala kwa ushujaa. Mtu yeyote anayefuga kwa kuchagua huhifadhi kidogo cha mbegu ya mwanzo, isiyochanganywa, ili akipotea njia awe na pa kurudia. Mlangoni paliandikwa Stoo, na kwenye taarifa za Wizara furu wale walihesabiwa pamoja na mafagio.

Jioni, kabla hajafunga ofisi, alipita kuwatazama. Hakukuwa na cha kuchagua pale. Labda ndiyo sababu alipapenda.

*

Sasa kuna jambo moja kuhusu furu ambalo Wizara ilikuwa haijaliuliza.

Furu jike hutaga mayai yake mchangani, na hapo hapo huyaokota kwa mdomo. Hayamezi. Huyahifadhi mle mle mdomoni mpaka yaanguliwe, na watoto wakianguliwa huendelea kukaa humo mpaka wawe na nguvu. Muda wote huo mama hali kitu. Amefunga mdomo, kidevu kimefura, amejikalia pembeni. Akiona maji yametulia huwatoa wakatembee. Kukitokea kitisho, wote hurudi ndani na yeye hufunga.

Shangilia alikuwa hawezi kufunga mdomo ukabaki umefungwa. Taya yake ilikuwa imechaguliwa kwa kazi nyingine. Jike aliyaokota mayai, akafungua mdomo kushangilia, yakaanguka. Akayaokota tena, yakaanguka tena, kama nafaka ndani ya gunia lililotoboka, na jirani yake, akiwa tayari amefungua mdomo, aliyameza.

Nyamizi alilijua hili tangu vizazi vya mwanzo. Aliyakusanya mayai yaliyoanguka, akayaangulia ndani ya chupa zenye maji ya kuzunguka. Hakuulizwa, hakusema. Lakini chupa nazo zilianza kumwangusha. Mayai yakaota ukungu, watoto wakazaliwa wamepinda hata pasipotakiwa, na kwenye maofisi Shangilia wazee wakawa wanakufa mmoja mmoja bila wa kuwarithi. Wizara ikatoa waraka: ofisi iliyofiwa imteue mfanyakazi mmoja asimame kando ya tangi saa zote za kazi, akifungua na kufunga mdomo, mpaka samaki mwingine apatikane. Wafanyakazi waligombania nafasi hizo. Zilikuwa na posho.

Mheshimiwa Shabukali akamwita Nyamizi, akamwambia kwamba taifa linaishiwa shangwe. Nyamizi akamweleza habari ya taya, taratibu, bila kumlaumu mtu. Akashauri Shangilia wachanganywe na furu wa chumba cha nyuma kwa vizazi vichache, ili taya irudi.

Waziri alifikiri. "Na hao watoto watakuwa wanashangilia?"

"Wengine, Mheshimiwa. Ila watakuwa wanaweza kufunga mdomo ikihitajika."

"Ikihitajika na nani?"

"Na wao wenyewe."

Mheshimiwa Shabukali akacheka kidogo, kama mtu mzima anayemcheka mtoto aliyeuliza swali baya mbele ya wageni. Akainuka kufunga mlango. "Nyamizi mama yangu," alisema kwa sauti ya chini, "hapo umetoka kwenye samaki."

Ikaundwa tume. Ilisafiri nchi za mbali zenye baridi, ikala samaki wa aina nyingi, ikarudi na jibu. Shangilia hawana kasoro yoyote. Kinachowaua ni fedheha, kwa sababu nyuma ya ukuta wa ofisi yao wanaishi furu wenye vinywa vilivyofungwa, na fedheha hupita hata kwenye ukuta. Kwa hiyo katika Sikukuu ya Shangwe, ndani ya uwanja wa taifa, mbele ya Mtukufu Mlezi, Mchaguzi Mkuu kwa mkono wake mwenyewe atawamwaga furu wa mwisho ndani ya pipa la chokaa. Kwanza atasoma tamko kuwa wao ni adui wa maendeleo. Akifanya hivyo atavishwa nishani. Asipofanya atapangiwa kazi nyingine.

*

Nyamizi alitoka nje akaenda kwa Kidawa, akachukua kikombe, akakinywa chote hapo hapo kikiwa kinafuka moshi.

Kidawa aliacha kupanga maandazi. "Umekunywa ya moto," alisema. "Kuna nani amekufa?"

Nyamizi akamweleza. Kidawa alisikiliza huku akifuta meza ambayo ilikuwa safi. Alipomaliza kufuta alisema naye ana maswali yake madogo, ya mtu anayekaa langoni na kuona wanaoingia na wanaotoka.

"Yule kijana wa uhasibu aliyeuliza mafuta ya magari yanakwenda wapi. Yuko wapi siku hizi?"

"Alipangiwa kazi nyingine."

"Na yule mama wa maktaba, aliyekaa wakati wenzake wamesimama kupiga makofi? Alisema miguu inamuuma."

"Kazi nyingine."

"Mwenye mguu mbaya, kazi nyingine," alisema Kidawa. "Haya. Waliobaki ni akina nani?"

Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi. Ndani wafanyakazi wa Wizara walikuwa wakifanya mazoezi ya sikukuu. Nyamizi alitazama. Alizoea kuwaona wakipita, hakuwahi kuketi na kuwatazama. Aliona matumbo. Aliona migongo iliyopinda kidogo kuanzia begani. Aliona midomo ikifunguka na kufungwa kwa pamoja, akaitambua kazi ile kama fundi cherehani anavyoutambua mshono. Kuna mtu alikuwa amekaa mbele ya watu hawa kwa muda mrefu, akichuja.

"Unawaonaje?" aliuliza Kidawa.

"Nawafahamu hawa," alisema Nyamizi. "Nimewatengeneza wa kwangu kwa njia hii hii."

"Basi ujue na wewe uko kiooni, dada. Hiyo sikukuu, samaki ni kisingizio. Atakayetazamwa kama anafungua mdomo ni wewe." Akammiminia kikombe kingine. "Hiki ni cha bure. Ipoze utakavyo."

Nyamizi alikwenda nacho chumba cha nyuma. Mbele ya jiwe, jike mmoja alikuwa amejitenga. Kidevu kilikuwa kimefura. Aliketi mbele yake mpaka chai ikapoa, na hata ilipopoa aliendelea kukaa.

*

Uwanja ulijaa, kwa sababu kutojaa hakukuruhusiwa. Jukwaani kulikuwa na matangi mawili. La kwanza lilikuwa na fremu ya dhahabu, na ndani yake Shangilia mmoja, pengine wa mwisho mwenye afya, akishangilia kwa nguvu kwa vile mashine yake ya hewa ilikuwa imezimwa makusudi. La pili lilikuwa lile la stoo, na jiwe lake. Kando yake lilisimama pipa la chokaa.

Hotuba zilipita. Mheshimiwa Shabukali alisema historia ina macho. Kisha Mtukufu Mlezi akateremka mwenyewe kuja kumtazama adui. Furu wakafanya walichofanya siku ya kwanza kabisa: wakampa mgongo. Mmoja tu hakugeuka. Alikuwa pembeni, karibu na kioo, ametulia.

"Huyu amefura kidevu," alisema Mtukufu Mlezi.

"Ni kiburi, Mtukufu," alisema Waziri.

Mtukufu Mlezi akainama. Kwa upole, kama babu, akamwambia samaki afungue mdomo. Uwanja ukapiga makofi. Samaki hakufungua. Akamwambia tena, na safari hii upole ulikuwa umepungua. Makofi yakaongezeka. Samaki aliyapepesa mapezi yake madogo pale pale alipokuwa, akamtazama mkuu wa nchi, hakufungua.

Mheshimiwa Shabukali alikuwa akitokwa jasho. Alichukua kijiti cha kusafishia tangi, akamkabidhi Nyamizi, ambaye tayari alikuwa amesimamishwa mbele ya kipaza sauti kwa ajili ya tamko.

"Mfungue," alisema.

"Hapana," alisema Nyamizi.

Hakupaza sauti. Hakuwahi kupaza sauti maishani mwake. Lakini vipaza sauti vya uwanja ule vilinunuliwa ili hata kikohozi cha Mtukufu Mlezi kifike milimani, na neno lile likaenda milimani, likarudi.

Waziri alimuuliza kama amesikia agizo.

"Nimesikia, Mheshimiwa. Ana watoto mdomoni. Akifunguliwa kwa nguvu watakufa, akifungua mwenyewe wataishi. Simfungui. Na hawa wengine siwamwagi." Akajiuliza kama ameshamaliza. Akaona bado. "Wale wa dhahabu niliwaharibu mimi, kwa mikono hii, na nikasifiwa. Inatosha."

Akakiweka kijiti chini.

Uwanjani makofi yalikuwa yakiendelea, maana mikono ilikuwa na mazoea yake. Yakaanza kupungua upande wa akina mama waliokuwa wakianika furu. Halafu upande wa shule. Hakuna aliyezomea, hakuna aliyerusha kitu. Watu waliishusha mikono na kufunga midomo, mstari baada ya mstari, mpaka ikawezekana kusikia bendera zikipigwa na upepo. Mtukufu Mlezi alikuwa hajasikia bendera tangu ashike madaraka. Aligeuka huku na huku akitafuta sauti inatoka wapi.

"Shangilieni," alisema.

Maelfu ya watu walimtazama.

Mtukufu Mlezi akafungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. Nyamizi alikuwa amesimama karibu naye, akamtazama kwa jicho la kazi, bila chuki. Alijua anachokiona. Hewa ilikuwa imepungua.

*

Walinzi walimwondoa mkuu wa nchi kwa haraka. Mheshimiwa Shabukali akaamuru furu wamwagwe. Wafanyakazi wa Wizara wakasema wako tayari, wanasubiri agizo kwa maandishi. Yeye mwenyewe ndiye aliyewazoeza hivyo, kwa hiyo akaenda kutafuta karatasi na muhuri.

Katika nafasi hiyo Kidawa aliteremka kutoka majukwaani na birika lake kubwa. Alimwaga chai yote chini, jambo ambalo wanaomjua walilielewa uzito wake, akalichovya tangini, akapata furu wawili, akafunika, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Nyuma yake akaja mzee na chupa ya maji ya kunywa. Nyuma ya mzee, msichana wa shule na kopo. Watu wakajipanga. Polisi wakatazamana. Sheria ilikataza kupiga kelele, ilikataza kukimbia, ilikataza mikusanyiko isiyo na shangwe. Foleni ya kimya haikutajwa popote. Na kwa kuwa polisi wa nchi ile walipenda foleni, baadhi yao walisaidia kuinyoosha.

Nyamizi aliwachotea mmoja mmoja. Nyuso nyingi alizijua. Yule mwenye kidevu kilichofura alimbeba kwa viganja viwili pamoja na maji, akamtia kwenye ndoo ndogo ya buluu ya mwanamke mmoja mrefu. Agizo lilipofika, limepigwa muhuri mara mbili, tangini lilibaki jiwe.

Wakalikamata jiwe. Wakamkamata na Nyamizi.

*

Inspekta Lugusha alipewa kazi ya kupata majina. Alikuwa mtu mrefu, mchovu, mwenye sifa ya kuwafanya watu waseme bila kuwagusa. Ofisini kwake kulikuwa na tangi tupu, na kando yake amesimama koplo aliyeteuliwa, akifungua na kufunga mdomo kwa zamu.

Inspekta alimweleza Nyamizi kwamba Wizara imeshaamua kusamehe. Inachotaka ni majina tu ya waliochukua samaki, na vyombo walivyochukulia. Nyamizi alinyamaza. Inspekta akamwambia kuwa wengine wameshasema, kwa hiyo kunyamaza kwake hakumsaidii mtu. Nyamizi alinyamaza. Aliwaona wote mbele ya macho yake, mzee wa chupa, msichana wa kopo, Kidawa na birika, akawaweka ndani na kufunga. Tangu jana yake hakuwa ametia kitu mdomoni.

"Fungua mdomo, mama," alisema Inspekta. "Ni jambo dogo."

Akaagiza chai. Ikaletwa kwa kikombe cha bati, ikawekwa mezani kati yao, ikifuka. Nyamizi aliitazama, kisha akamtazama Inspekta, akaendelea kumtazama. Inspekta alitazama dirishani. Alipanga kalamu zake. Alisogeza kiti. Moshi wa chai ukapungua, ukawa uzi, ukakatika.

"Koplo," alisema Inspekta, "nenda kale."

Koplo alisema zamu yake haijaisha. Inspekta akamwambia shangwe zinaweza kusubiri. Koplo alipotoka, Inspekta aliufunga mlango, akarudi, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Kuna mtu," alisema, akaacha. Akaanza upya, taratibu zaidi. "Mke wangu ana ndoo ya buluu. Ndani yake kuna mmoja. Nimempa makombo ya mkate, nimempa dagaa wa kusaga, hali. Amefunga mdomo tu, amejibanza pembeni. Watoto wangu hawataki kwenda shule, wanakaa wanamtazama. Mama, yule anaumwa?"

Nyamizi alikigusa kikombe kwa nje, kwa kidole. Kilikuwa kimepoa.

"Haumwi," alisema. "Msimlazimishe kula. Mwekeeni jiwe, ndoo ikae kivulini. Na muwe mnatafuta ndoo nyingine, nyingi, za majirani pia. Siku atakapofungua mdomo mwenyewe, hiyo moja haitatosha."